Dagaa Gotini

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu. Herufi zangu zinalala. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, lakini kuongea mbele za watu ni kugumu zaidi kwangu, ndiyo maana nimechagua karatasi.

Mimi na mama tunaanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Ndugu zangu wengine wako kwao, kila mtu na shida zake. Dagaa wakitoka ziwani asubuhi tunawamwaga juu ya nyavu kuukuu, jua linawakausha, halafu tunakaa chini kuchambua. Kuondoa visamaki vingine kama furu, na makonokono, si kazi, hata mtoto anaweza. Kazi ni kuwaondoa walionyeshewa. Mvua ikiwagusa dagaa kabla hawajakauka, ukiwaanika tena wanakauka vizuri tu, na kwa macho ya mgeni wote ni sawa. Lakini wakikaa ndani ya gunia wananuka, na wanawaharibu wenzao. Mnunuzi akikuta gunia la namna hiyo, harudi tena kwako.

Nilipoanza sikuona chochote. Rundo zima lilikuwa la kijivu. Mama hakunieleza kwa maneno mengi. Alisema, "Fumba macho nusu. Usimtazame mmoja, tazama wote, asiyeng'aa tumboni atajitokeza mwenyewe." Basi. Kisha kila nilipokosea, alimchukua yule dagaa kwenye fungu langu zuri akaniwekea juu ya goti. Ikifika mchana magoti yangu yalikuwa yamejaa, na wanawake wa jirani walicheka.

"Mama, mtoto wako leo kavaa sketi ya dagaa!"

"Mwacheni, anashona taratibu," mama alijibu.

Niliona aibu sana, lakini niliwatazama wale wa gotini mmoja mmoja, nikawa nawajua. Sijui ni siku gani hasa rundo liliacha kuwa la kijivu. Ila nakumbuka asubuhi moja nilisimama tu, mkono umeshika ndoo, nikaona kipande kizima cha walionyeshewa kimetulia katikati ya wenzao kama doa la mafuta kwenye kitambaa. Mama alikuwa hajakiona bado. Goti langu siku ile lilibaki tupu.

Tangu hapo wanawake walianza kuniita niwaangalizie marundo yao. Nilikwenda, nikaonyesha kwa kidole, nikaondoka. Nilipenda hivyo. Nilifikiri nimepata kitu cha kutembea nacho popote, kitu kisichohitaji mdomo.

Lakini kulikuwa na dalili ambayo sikuitilia maanani. Mwaka ule maji ya ziwa yalipanda, tukahamishiwa upande mwingine wa mwalo, ambako jua la asubuhi lilitupiga usoni badala ya mgongoni. Dagaa walewale, nyavu zilezile, na mimi nikawa kama nimeanza jana. Magoti yalijaa tena. Baada ya muda macho yalirudi, nikasahau.

Kisha macho ya mama yakaanza kufifia. Alisema ni moshi wa jikoni. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na kwamba dawa italinda nuru iliyobaki, iliyopotea hairudi. Alitoka pale akiwa amenishika kiwiko, akaniuliza kama mawingu yamefunga. Jua lilikuwa linawaka.

Nilikuwa na wazo moja tu: nipate kazi ya mshahara ili mama aache kukaa chini mchangani. Nikasikia kiwanda kimoja cha samaki kinatafuta watu wa kukagua minofu ya sangara. Mama alifurahi kuliko mimi.

"Hiyo ni kazi yako, mwanangu. Wengine watakwenda kujaribu, wewe unakwenda kuonyesha."

Tulikuwa wachache pale. Walituvalisha makoti meupe, wakatusimamisha kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake. Unaweka mnofu juu, mwanga unapita ndani ya nyama, na wewe unatafuta mfupa uliobaki, damu iliyoganda, au mdudu. Dada msimamizi alituambia tutafanya mazoezi mpaka mchana, halafu atatupima.

Nikafumba macho nusu, kama ninavyojua.

"Wewe wa mwisho," msimamizi alisema, "umekuja kusinzia?"

Wakacheka. Nikafumbua. Minofu yote ilikuwa inang'aa, mizuri na mibaya. Kwa dagaa nilizoea kutafuta mahali ambapo mng'ao umepotea juu ya ngozi. Hapa ubaya ulikuwa kivuli ndani ya nyama, na macho yangu hayakukubali kuingia ndani. Yaliteleza juu juu.

Pembeni yangu alikuwa dada mmoja wa Buhongwa, alikuwa anakaanga chipsi kabla ya hapo. Yeye alikosea kuliko sisi wote mwanzoni, lakini kila mnofu alimwita msimamizi.

"Dada, huu je? Na huu? Nionyeshe tena huo mfupa ulivyokaa."

"Utanichosha wewe!"

"Nichoke mimi nyumbani bila kazi, dada, au uchoke wewe hapa?"

Msimamizi akacheka, akamwonyesha. Mimi sikuita mtu. Nilimaliza trei zangu kimya, bila kujua kosa lipi nimeliona na lipi limenipita. Hakuna aliyeniwekea kitu gotini. Mchana tulipopimwa, yeye alichukuliwa. Mimi niliambiwa nimepitisha mifupa mingi, nijaribu tena watakapoita watu wengine.

Nilipofika nyumbani mama hakuuliza. Alinisikia nikivua viatu taratibu, akajua. Alisema tu, "Basi kesho twende mapema."

Sasa tunakaa bega kwa bega, yeye anachambua kwa vidole zaidi kuliko macho. Anaweka walionyeshewa kwenye fungu zuri. Mimi nilikuwa nawachukua kimyakimya na kuwatupa nyuma yangu. Juzi alisimamisha mkono.

"Mbona goti langu halina kitu?"

Nikaendelea kuchambua.

"Nilikuwekea wewe. Niwekee."

Nikachukua mmoja, nikamweka juu ya kanga yake. Alimshika, akampapasa tumboni, akamleta karibu kabisa na jicho. Alikaa naye muda mrefu. Kisha akamrudisha gotini na kuendelea na kazi, na mimi nikamwekea mwingine, na mwingine, mpaka nikashindwa kutazama.

Wamesema kiwandani wataita watu tena. Nataka kwenda, lakini naogopa kumpa mama matumaini mara ya pili. Kwa hiyo naomba, wewe unayesoma, kama uliwahi kuzoesha macho yako kazi moja kisha ukayapeleka kwenye nyingine, niandikie. Niambie kama yalikufuata, au ulianza upya kabisa, na nani alikuwa anakuonyesha makosa yako. Hata mistari miwili inatosha. Nitamsomea mama.