Diski Iliyobaki Goma

Rafiki yangu hakuwa na salamu nyingine. Kila asubuhi alivuka mpaka pale Petite Barrière kwa miguu kutoka Goma, akaja hadi kwetu na kopo la sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshauliza: "Ulisha kula?" Nikisema nimekula, haamini. Nikisema bado, ananigombeza. Mimi si mtu wa asubuhi, na mara nyingi nilimjibu kwa kuguna tu.

Tulikuwa tunamaliza masomo ya kompyuta hapa Gisenyi, upande wa Rwanda, na kazi yetu ya mwisho ilikuwa moja kwa watu wawili. Tulitumia programu inayoigiza kompyuta nzima. Yaani ndani ya laptopu yangu kulikuwa na kompyuta nyingine isiyoshikika, yenye prosesa yake na kumbukumbu yake. Ili iamke ilihitaji vitu viwili. Kwanza kerneli, kile kiini cha mfumo, na sisi tuliitaka ya kwetu wenyewe, iliyopunguzwa ikabaki na yale tu tuliyotaka kuyapima. Pili picha ya diski, faili moja kubwa linalojifanya diski, lenye programu zote ndani. Tukagawana kazi kama watu wa mpakani: kerneli Gisenyi, diski Goma.

Mwanzoni kerneli yangu ilikuwa ikifika katikati inakufa, inalalamika kwamba haioni diski. Nikamlaumu yeye na diski yake. Kumbe katika kupunguza kwangu nilikuwa nimeondoa kipande chenyewe kinachosoma diski. Alicheka mpaka mama yangu akaja kuchungulia kuna nini.

Halafu risasi zikaanza kusikika upande wa Goma na mpaka ukafungwa. Tulizisikia tukiwa uani, tunaanua nguo. Nikampigia, simu haipatikani. Nikapiga tena na tena, mama akaninyang'anya simu ili nipumzike. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa nakuwa mkali, kwa hiyo nyumba nzima ilinikimbia.

Mwalimu aliyetusimamia alinipa pole, na ilikuwa pole ya kweli, lakini akasema tarehe ya kutetea kazi haiko mikononi mwake. Ningeweza kuchukua picha ya diski iliyo tayari mtandaoni na kusimama peke yangu. Jina la mwenzangu lingeondolewa, aanze upya mwakani, akijaliwa. Nilitoka bila kuaga.

Hatimaye simu ikaita. Alikuwa hai, amejibanza kwa shangazi yake pamoja na laptopu yake, na diski ilikuwa salama ndani yake. Lakini faili lile lilikuwa zito mno kwa mtandao wa siku zile.

"Bon, fanya peke yako," akasema. "Usiningoje mi."

Nikamwambia aache upuuzi. Anieleze tu alivyoijenga, nami nitaijenga upya hivyo hivyo, ili nusu yake ya kazi ibaki yake. Akaanza kunisomea hatua kwa hatua: ukubwa wa faili, namna ya kuligawa, nini kiingie kwanza na nini kifuate. Sauti yake ilikuwa inakuja na kupotea, mimi naandika.

"Sasa ya mwisho," akasema. "Kwenye faili ya kuanzisha, mwisho kabisa, utaweka mustari moja. Andika..."

Simu ikakatika, na baada ya hapo haikupatikana tena.

Niliijenga diski ile kama alivyosema. Kuamsha kompyuta ya kuigizwa ni kazi ya subira: ndani yake zinapita sekunde tu, huku nje unapika, unafua, unarudi, bado inahangaika. Ilipoamka ilifanya vipimo vyote na vikatoka sawa. Kisha ikabaki inakimbia bure, haina la kufanya. Pengo lilikuwa pale mwisho, na mimi nilijua mtu huyu angeweka nini hapo. Nikauandika mstari wake, nikaamsha upya, nikangoja. Maneno mawili yakatokea kwenye skrini: Ulisha kula?

Nililia kwa kwikwi, mimi ninayejulikana nyumbani kwa ukali. Sikuizima.

Mpaka ulianza kufunguliwa kidogo kidogo. Mchana mmoja, siku moja kabla ya kutetea, akaingia kwetu mikono mitupu, miguuni viatu vya mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Alikaa, hakuuliza chochote. Nikamgeuzia laptopu.

Akapitia vipimo kimoja kimoja, akitikisa kichwa kukubali. Akafika mwisho. Akauliza hii ni nini, nikamwambia ni ule mstari wake.

Akaanza kucheka, kicheko kilekile.

"Mi nilitaka kukupa amri ya kuizima," akasema. "Kazi ikiisha, itoke. We uliiacha inakimbia siku zote hizi?"

Nikasema ndiyo, niliiacha.

Kicheko kikaisha polepole. Akayatazama tena yale maneno mawili, akafuta macho kwa kiganja.

"Bado," akajibu.

Mama alikuwa ameshainuka kwenda jikoni.