Waliotubeba Huku Wakitutukana

Kwetu Kihanga, miaka ya themanini, gari la wagonjwa lilikuwa mabega ya majirani. Naeleza hili taratibu kwa sababu vijana waliozoea pikipiki kufika hadi mlangoni hudhani natia chumvi. Kila kilima kilikuwa na chama cha machela. Machela yenyewe ilikuwa kitanda cha fito zilizosukwa, kimefungwa kwenye miti miwili mirefu ya mkaratusi, na ilitunzwa nyumbani kwa mwenyekiti. Mtu akizidiwa, watu wa nyumba yake walipiga enduru, ule ukelele wa hatari unaovuka bonde, na kila kaya ikatoa mwanamume mmoja. Wanne walibeba, wengine wakafuata nyuma wakisubiri zamu. Asiyetokea bila sababu alitozwa mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akizoea kukwepa, alifutwa.

Aliyefutwa alikuwa hana hospitali. Hospitali ilikuwepo, na milango yake ilikuwa wazi, lakini ilikuwa ng'ambo ya vilima viwili. Mgonjwa asiyeweza kusimama haifikii hospitali kwa kujua iliko.

Sisi tulikuwa ndani ya chama. Baba yangu, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, alikuwa miongoni mwa walioanzisha. Ndiye pia aliyesimama kikaoni akawakataa Warundi wa kule chini karibu na kinamasi, ndugu wanne na wake zao, waliokuwa wakitupalilia kahawa kwa kibarua. Waliomba waingie. Baba akasema, "Hawa ni watu wa kuhamahama. Leo tutawabeba, kesho tukiwahitaji hatuwaoni." Akapigiwa makofi. Msimu ule ule mama yao akafia njiani, mgongoni mwa mwanawe mkubwa.

Kisha zamu yetu ikafika. Kaka yangu, mchuuzi wa kahawa huko mpakani, alikonda mpaka akafa. Ugonjwa wenyewe kila mtu aliujua na hakuna aliyeutaja. Wanachama walikuja kuzika, lakini walishika jeneza kwa majani ya migomba, na chakula tulichowapikia kilibaki kama kilivyopakuliwa. Kaka alimwacha mkewe, wifi yangu, akiwa mjamzito. Mwili wa wifi ulikuwa na afya kabisa. Hilo halikumsaidia.

Uchungu ulimshika alfajiri. Jua lilipokuwa juu, mkunga, mama mtu mzima aliyetuzalisha karibu sote kilimani, alimpapasa tumbo akatikisa kichwa. "Mtoto amelala kwa upana," akasema. "Hapa mikono yangu imeishia. Mpelekeni."

Baba akapiga enduru. Wanaume walikuja, tena upesi. Wakaja wakasimama nje ya kibanja chetu, kwenye ukingo wa migomba, kana kwamba kuna kamba imefungwa pale. Machela hawakuja nayo.

"Mzee mwenzangu," mwenyekiti akaita kwa mbali, "chama kinabeba wagonjwa. Hakibebi ugonjwa."

"Ni uzazi!" baba akajibu. "Mkunga huyu hapa, muulizeni!"

"Uzazi wa mume gani? Yule tuliyemzika kama kuni?"

Akacheka, na wengine wakacheka naye. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni mkononi, na wifi yangu aliyasikia yale yote akiwa ndani.

Niwe wa haki. Watu wale hawakuwa wanyama. Ugonjwa ule hauambukizi kwa jasho wala kwa fito za machela; siku hizi mtoto wa shule atakueleza. Hata wakati ule mganga wa zahanati alikwisha kulisema mkutanoni. Lakini mganga yule hakuwahi kuzika na sisi, hakuwahi kushika mti wa machela wala kuketi kwetu kunywa. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na yalipita juu ya vichwa vyao kama wingu lisilo na mvua. Mtu humwamini kwanza anayemjua, ndipo aamini anachoambiwa. Na waliyemjua alikuwa mwenyekiti.

Walisimama pale wakibishana muda mrefu. Mwishowe baba akachukua fimbo, akateremka kinamasini. Nikamfuata.

Yule ndugu mkubwa alikuwa akinoa jembe. Alimwona baba akija na hakumwamkia. Kwa mtu wa umri wake kutompa shikamoo mzee kulikuwa sawa na kumtemea mate. Baba ndiye aliyeanza.

"Habari za hapa, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Mama yangu ninyi mmemuua."

Mkewe akatoka jikoni. "Kumbe njia ya huku unaijua, mzee! Nilidhani inaisha kwenye kahawa yako."

Baba alieleza. Yule mtu alimsikiliza hadi mwisho, akaweka jembe chini, akawaita wadogo zake kwa Kirundi. Walichukua ngozi ya ng'ombe, wakaifunga kwenye miti miwili.

"Tunambeba yeye," akasema. "Wewe hatukubebi hata kwa neno zuri. Na mti mmoja utashika wewe."

Baba alishika. Njia nzima walimtukana. Akipepesuka mlimani, walimuuliza kama mti wa Warundi unachoma. Akiomba kupumzika, walimwambia apumzike kikaoni. Kwetu, anayekutana na machela hutua mzigo wake akapokea zamu, hata kama ni mpita njia. Siku ile watu walituona wakageukia mashambani. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Msiguse jasho lake!"

"Jasho hili ni langu, mama!" mdogo wao akamjibu. "Nikuletee la kuonja?"

Wifi yangu, akiwa juu ya ngozi, hakuwa na nguvu tena hata ya kulia.

Tulifika. Hospitalini walimpasua. Yeye alipona, lakini mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufa tumboni. Muuguzi alisema mapigo yake huenda yalikuwepo bado mchana ule.

Baba alikwenda kuwashukuru wale ndugu, wakamkatiza. "Shukrani hazipandi mlima. Sisi tuko wanne tu. Kukiwa na mgonjwa, njoo na mabega." Akaenda, alipoitwa na alipoitwa tena, pamoja na uzee wake. Kilima kikabaki na machela mbili, na kila moja ikiwa na watu wachache mno. Chama cha zamani kikamfuta baba.

Wifi yangu aliporudi, alikwenda kisimani kuteka maji, nami nikafuatana naye. Wanawake wakampisha, si kwa heshima. Mke wa mwenyekiti akasema kwa sauti ya kusikika, "Si mnaona? Mtoto naye kafa. Ugonjwa haudanganyi."

Wifi yangu alitua ndoo.

"Mwanangu hakuwa na ugonjwa," akasema. "Alikuwa hai mumeo alipokuwa anacheka nje ya migomba yetu. Kaulize hospitali alikufa saa ngapi, halafu mwulize mumeo saa hiyo alikuwa amesimama wapi."

Hakuna aliyemsaidia kujitwika ndoo. Niliinua mimi.