Orodha Mbili, Pilau Moja

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, tena mwalimu mwenye maringo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni na zile hesabu mpya za seti: unachora miduara miwili ubaoni, unaonyesha waliomo humu, waliomo kule, na waliomo kote kuwili. Wazee wa mtaa wetu wa Cheyo wakiniuliza zinasaidia nini, nawajibu, subirini mtaona.

Basi ikaja harusi yangu mwenyewe. Mchumba wangu, mwalimu mwenzangu, alikuwa amepangiwa shule ya kijiji kipya cha ujamaa upande wa Bukene, na kabla mwezi haujaisha angepanda treni. Nilitaka kupanda naye. Nilimpenda, sifichi! Lakini baba yangu, seremala asiye na maneno mengi, alisema mchele wa pilau ni huu huu wa shamba letu la Kwihara, madukani hakuna, na yeye hayuko tayari kuaibika wageni waondoke na njaa. Ukitosha, harusi. Usipotosha, tungoje mavuno. Mavuno! Na mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha.

Mama akanitajia wageni wa kwetu, nikaandika. Mama mkwe akamtajia binti yake, wifi yangu, naye akaandika wa kwao. Nikaziweka orodha zote mbili mezani kwa baba nikamweleza: kuunganisha si kujumlisha tu, baba, aliyeandikwa kote kuwili tunamhesabu mara moja, maana tumbo lake ni moja. Baba akaguna, akaendelea kupiga randa.

Nikalinganisha mstari kwa mstari. Hakuna aliyejirudia, hata mmoja! Nikarudia tena, wapi. Nikajumlisha wote, nikapiga hesabu ya vibaba, mchele ukaishia njiani. Nililia kwa hasira, nikaitupa penseli uani.

“Basi mwanangu, tungoje mavuno,” baba akasema kwa upole, na upole ule ukaniudhi zaidi.

Wifi yangu alipopata habari akanijia juu. “Aka! Hujaalika mtu, umeshakata tamaa? Twende kwanza tukaalike, huenda wengine wana safari.” Kwetu mwaliko ni wa mdomo, mtu anafuatwa nyumbani kwake. Asubuhi tukagawana, yeye na orodha ya kwao, mimi na ya kwetu.

Wa kwanza wangu aliandikwa “Mama Mapacha”. Napiga hodi, nakaribishwa, namkuta nani mkekani anakunywa uji? Wifi yangu! Kwenye karatasi yake mama yule yule aliandikwa “Shangazi wa kisimani”.

“Mbona mnanialika kwa zamu?” mwenye nyumba akauliza. “Kwani mimi ni wangapi?”

Toba! Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Watu wazima wale, nani angewaandika kwa majina yao? Kila upande uliandika unavyomwita mtu nyumbani. Mwalimu mzima nimelinganisha maandishi, watu sikuwalinganisha. “Fundi cherehani wa stesheni” wa kwetu ndiye “mjomba mdogo” wa kwao. “Bibi wa maandazi” wetu ndiye “somo yake mama” wao. Tukakaa pale pale mkekani, mmoja anamwelezea mtu, anakaa wapi, kamuoa nani, mwingine anamtafuta kwenye orodha yake, na kila tukimpata tunapiga vigelegele na kufuta mstari. Mama Mapacha naye akatusaidia kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Nilirudi nyumbani mbio, khanga inanivuka. Nikapiga hesabu upya mbele ya baba, safari hii watu kweli kweli, kila tumbo mara moja. Mchele unatosha! Unatosha na wa kuwapelekea majirani unabaki.

Baba akaiweka randa chini. “Umehakikisha?”

“Nimehakikisha, baba.”

Akakung’uta maranda magotini, polepole, hanitazami. “Mimi nilikuwa nautegemea mchele huo usitoshe,” akasema. “Ukae nasi japo mpaka mavuno.”

Nikapiga magoti nikaishika mikono yake, nikalia, naye akaniacha nilie. Kisha akaniambia nikamwite mama, sufuria kubwa zikaazimwe mapema, kabla watu wengine hawajaziwahi.