Jioni Mkonge Ulipoitika

Sisi tuliokulia Magomeni ya Kilosa miaka ile mashamba ya mkonge yalipofungwa, tunaijua baridi ya Juni na Julai. Hatukuwa na masweta. Tulikwenda shule tumejitanda kanga za mama zetu, magoti meupe kwa ukavu, na mafuta ya nazi yaliganda kwenye kopo mpaka yawekwe juani ndipo yapakike. Jioni tulicheza rede, tukirushiana mpira hadi vidole vikafa ganzi, huku moshi wa kuni ukitambaa chini na kila ua likinukia viazi vya kuchoma. Watoto wa siku hizi wakiguswa na upepo kidogo tu wanavaa kofia mpaka puani, utadhani wanakwenda kupanda mlima wenye theluji.

Uwanja wetu uliishia pale mkonge ulipoanzia. Wakati wa babu, aliyekuja kutoka mbali kuukata, mistari yake ilikuwa safi. Shamba lilipokosa mwenyewe, nyasi ziliota katikati ya mistari, kisha vichaka, kisha miti. Mkonge ukatoa milingoti mirefu iliyogongana upepo ukivuma, ikasikika kama watu wanaopasua kuni mbali. Mama alitwambia, "Mpira ukiingia mkongeni, huo umekwenda." Hatukumuuliza kwa nini. Na kweli, hakuna mpira hata mmoja uliowahi kufuatwa.

Watu wazima waliopunguzwa kazi walishinda barazani wakisikiliza redio. Nadhani ndiyo maana ukumbi wa zamani wa wafanyakazi ulifunguliwa, kukawa na mihadhara ya bure kila Alhamisi kipupwe kizima, baada ya swala ya alasiri. Nesi alizungumzia malaria. Bwana shamba alizungumzia fukusi wa mahindi, akazungumza mpaka wazee wakasinzia. Watu walifuata chai ya tangawizi. Sisi watoto tulifuata joto la kubanana kwenye mabenchi.

Alhamisi moja akaja Bwana Mloka, askari mstaafu wa wanyamapori, aliyefanya kazi Mikumi hadi nywele zikawa nyeupe. Shati lake la kaki lilikuwa na viraka, lakini limenyooshwa kwa pasi. Alikuja kutufundisha kuishi jirani na wanyama.

"Wanyama wako Mikumi," alisema jirani yetu, Mama Rehema. "Sisi tuko mjini."

"Mnyama hasomi kibao cha barabarani, dada yangu," Bwana Mloka alijibu, na watu wakacheka.

Alikuwa amekuja na mtungi mtupu. Alisema simba akiwa mbali, sauti yake husikika kama inatoka ardhini, na mtu asiyeijua huidhania lori. Akainama, akaingiza uso mdomoni mwa mtungi, akaunguruma. Watoto tukapiga kelele kwa raha. Akarudia, safari hii chini zaidi, taratibu, mpaka akaishiwa pumzi.

Kisha mkonge ukaitika.

Nilihisi benchi likitetemeka kabla sijasikia kitu. Ilikuwa sauti ileile, ila ndefu zaidi, na mwisho wake ulikatika kama mtu anayekohoa.

"Umetutisha vya kutosha, mzee," Mama Rehema alisema.

Bwana Mloka aliinua uso polepole. "Si mimi. Fungeni mlango, kisha mniambie nani hayupo."

Mama alikuwa amenishika mkono. Aliongea kwa sauti ndogo. "Mume wangu. Yuko shambani. Njia yake inapita humo."

Wanaume wawili walinyanyuka, Bwana Mloka akawazuia. Alisema mkongeni mtu haoni mbele ya pua yake, na jua lilikuwa linazama. Wakachukua madebe, wakasimama kizingitini wakayapiga. Walipiga, wakanyamaza, wakasikiliza. Milingoti iligongana. Wakapiga tena. Mama hakulia, alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

Mwishowe tukasikia kengele ya baiskeli. Baba alikuja akiikokota, jembe limefungwa nyuma, na aliingia akiwa amekasirika.

"Kuna mzee gani huku anapita mkongeni na hajibu salamu?" aliuliza.

Akaendelea kueleza. Njia ilikuwa na mchanga, kwa hiyo alishuka akawa anasukuma. Upande wa kushoto, nyuma ya mstari wa mkonge, mtu alikuwa anatembea naye sambamba. Baba akisimama, na yeye anasimama.

"Nikamwamkia, shikamoo. Kimya. Nikarudia. Nikamsikia anapumua tu. Nikasema labda mzee hasikii. Mlipoanza kupiga madebe, akabaki nyuma."

"Hukukimbia?" Bwana Mloka aliuliza.

"Nikimbie mzee?"

Baba alitutazama mmoja mmoja, kisha akayatazama madebe na shati la kaki la Bwana Mloka. Akaketi palepale sakafuni.

Asubuhi Bwana Mloka aliwaongoza wanaume kwenye ile njia, nasi watoto nyuma yao. Nyayo zilikuwapo upande wa kushoto wa alama za tairi, kubwa kama sahani. Baba alitikisa kichwa kukubali. Ndipo Bwana Mloka akaonyesha kwa fimbo upande wa kulia. Huko pia zilikuwapo, karibu zaidi, mahali pengine zimekanyaga juu ya nyayo za baba mwenyewe.

"Huyu sikumsikia," baba alisema.

Alhamisi iliyofuata ukumbi ulijaa hadi madirishani. Baba alikaa mbele, akauliza swali moja. "Kwa nini waliniacha?"

Bwana Mloka aliinuka, akamtazama baba. "Sijui," alisema. "Nimeishi nao miaka yote ile, na sijui."

Siku hizi ukumbi ule ni ghala la saruji, na sehemu kubwa ya mkonge imekuwa viwanja na nyumba za mabati ya rangi. Watoto wa kaka yangu walipelekwa Mikumi na shule yao, wakarudi na picha za simba aliyelala. "Mvivu tu, shangazi," waliniambia, wakarudi kwenye simu zao, kila mmoja na vidude vyake masikioni. Simu zao zina jibu la kila kitu, na wanalipata peke yao, kitandani, chini ya blanketi nene. Sisi tulikaa bega kwa bega katika baridi, tukamsikia mtu mzima akisema mbele ya watu wote kwamba hajui, na ukumbi mzima ukanyamaza, ukisikiliza nje.