Siku Niliyomtaja Senje Rosa

Utotoni mwangu, kule Butali, niliogopa sana kuvua nguo mbele ya mtu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipopasuliwa kifua ili tundu lililokuwa kwenye moyo wangu lizibwe. Nilirudi nyumbani na kovu lililoanzia chini kidogo ya koo likashuka hadi karibu na tumbo, jekundu, limeinuka, lina alama za nyuzi pande zote mbili. Muuguzi alimweleza mama kwamba lingechukua mwaka au miaka miwili kufifia. Nisilikune, nilipake mafuta, nisiliache juani. Mama alifundisha shule moja Lumakanda na alikuja mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo maagizo hayo aliyaacha kwa Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, niliyeishi naye.

Kukhu aliyafuata yote, kisha akaongeza lake. Aliniambia kovu changa halionyeshwi ovyo. Mtu mwenye jicho baya akiliangalia na kulisifu, litafunguka. Alinifunga leso hadi shingoni, nami sikubisha, maana leso ilinifaa kwa sababu zangu.

Shuleni kola ya sare ilifunika sehemu kubwa ya kovu, lakini ncha yake ya juu ilichungulia. Wasichana wa darasa langu walinipa jina: Zipu. Sikumwambia mtu nyumbani. Nilijifunza kutembea nimekumbatia vitabu kifuani, na kucheka wenzangu walipocheka.

Halafu kwaya ya watoto kanisani ikashonewa magauni mapya yenye shingo pana. Siku ya kuyajaribu nilisimama mbele ya wenzangu na kovu langu liko wazi, na msichana mmoja akauliza kama zipu nayo itaimba. Hata mwalimu wa kwaya alitabasamu kabla ya kumkemea. Mpaka leo nakumbuka lile tabasamu kuliko lile kemeo.

Kesho yake alikuja Senje Rosa. Alikuwa jirani yetu, mjane asiye na mtoto, nasi sote tulimwita Senje, yaani shangazi, ingawa hakuwa ndugu yetu. Akina mama wakienda kupalilia miwa, watoto wao wachanga walibaki kwake. Alinikuta nimejiinamia nyuma ya jikoni, akakaa nami hadi nikamweleza. Akaomba alione hilo kovu. Nilifungua leso, kwa sababu yeye sikumwonea haya. Alilitazama kwa makini, akasema limepona vizuri, walionishona walikuwa na mikono mizuri, na kwamba litafifia lenyewe. Kukhu alikuwa akipita na ndoo. Alisimama kidogo, akatazama, akaenda zake.

Lakini zilibaki wiki tatu tu tuimbe, nami sikuwa na mwaka wa kusubiri. Nilikuwa nimesikia shuleni kwamba limau huondoa madoa. Nikawaza pia juu ya musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo Kukhu alitia kwenye mboga ngumu ili zilainike. Kama yalilainisha kunde, nilijiambia, kovu litashindaje? Kwa siku nne nilijifungia bafuni, nikachanganya limau na musherekha, nikalisugua kovu kwa gunzi la mahindi. Liliwaka kama moto. Niliuma leso nisilie, nikaamini kwamba maumivu yale ni dalili ya kufanikiwa.

Siku ya tano lilikuwa kidonda kibichi na mwili ulinichemka. Kukhu aliponifunua alishika mdomo. Kanisa zima lilikuwa limeomba kwa ajili ya kifua hiki, na sasa kilikuwa kikifunguka mbele ya macho yake. Hakuniuliza nimefanya nini. Aliuliza, "Nani ameliangalia hili kovu?"

Nilijua jibu la kweli. Nilijua gunzi lilipo, nimelichomeka kwenye mwanya wa mabati ya bafu. Lakini niliona jinsi swali lake lilivyonifungulia mlango, nikapita.

"Senje Rosa," nikasema.

"Nilijua," akasema Kukhu. "Hata mimi nilimwona."

Kwetu husemwa kwamba aliyekudhuru kwa jicho ndiye awezaye kukuponya. Atasukutua maji mdomoni na kuyatema juu ya mahali palipoharibika. Asubuhi iliyofuata Kukhu na wanawake wawili wa kanisani walimfuata Senje Rosa. Alikuja katikati yao, ameshika ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Alikana mara moja tu, kwa sauti ya chini, na walipomwambia aonyeshe basi kwamba ananitakia mema, alipokea kikombe cha maji.

Alipoinama juu ya kifua changu, aliganda. Najua aliona mikwaruzo ya gunzi. Najua alisikia harufu ya limau. Aliniangalia usoni, nami nikafumba macho. Yale maji yalikuwa baridi. Kisha, akinifuta kwa upindo wa leso, alininong'oneza, "Usilisugue tena, mwanangu."

Hakusema zaidi ya hayo, na wale wengine hawakusikia.

Niliacha kulisugua. Mama alipopata habari alikuja mwisho wa wiki na dawa ya kupaka, na baada ya siku kumi kidonda kilikuwa kimekauka. Mtaa mzima ulipata ushahidi: Rosa ametema maji, mtoto amepona. Akina mama wakaacha kumpelekea watoto. Kwenye matanga alipewa chakula pembeni, na akikaribia mtoto mchanga, shuka lilivutwa likafunika uso wa mtoto. Mimi niliyaona hayo yote. Niliimba kwenye kwaya nimevaa sweta juu ya gauni, yeye ameketi kiti cha nyuma peke yake, na sikusema.

Sikusema nikiwa sekondari. Sikusema nikiwa chuoni. Kukhu alifariki akiamini kwamba alimwokoa mjukuu wake. Mwaka jana, nikiwa na kazi yangu hapa Kakamega mjini na mtoto wangu mwenyewe, nilirudi Butali nikaenda moja kwa moja kwa Senje Rosa. Amezeeka, anatembea kwa kujishika ukuta. Nilimweleza yote, limau, musherekha, gunzi, na jina lake nililolitaja. Nililia sana, na ninaona haya hata kwa kile kilio, maana ni yeye aliyelazimika kunibembeleza.

"Nilijua siku ileile," aliniambia. "Ulikuwa na homa, na ningesema nyanya yako angekuchapa. Nikafikiri, akipona atasema mwenyewe."

Nikamwambia nitasimama kanisani niseme.

"Sema ukitaka," akasema. "Lakini ungesema nyanya yako akiwa hai. Yeye ndiye nilitakanga ajue. Tulikuwa marafiki."

Nilisimama Jumapili iliyofuata, nikasema. Wazee walionisikiliza walikuwa wachache, na vijana hawakujua ninamzungumzia nani.

Wapo wanaoniambia nilikuwa mtoto, na kwamba kosa ni la imani za kale. Nami nimejaribu kulitupia kosa hilo Kukhu, lakini haliendi. Kukhu aliogopa jicho kwa moyo wake wote, na alichofanya alikifanya kwa hofu ya kunipoteza. Mimi sikuamini. Katika nyumba ile, siku ile, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba hakuna jicho lolote, na ni mimi niliyelitumia.