Beberu Hakoromi

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu, binti yake mkubwa aligonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Aligonga mara moja tu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi uani kwao, Misungwi, nikitazama saa yangu kwa sababu sikujua pengine pa kutazama. Wadogo zake walikuwa mkekani, wamelia mpaka wamechoka.

"Chagueni," akawaambia. "Kila ukipiga chafya utage yai, au kila ukicheka ulie kama punda?"

Kitinda mimba akachagua yai, maana angeliuza. Wakacheka, kicheko cha watu wanaoona haya kucheka. Mimi sikuweza. Mchezo ule ulikuwa wetu.

Ngoja nikueleze ulivyokuwa. Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo, tukalelewa na bibi kando ya ziwa, chini ya majabali ya Mwanza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe pana, bapa kama meza. Siku za kazi tulianika juu yake dagaa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Siku ya Krismasi tulilifagia, tukalimwagia maji mara mbili kuondoa harufu ambayo haikuondoka, kisha tukatandika mikeka. Tukitoka kanisani kulikuwa na wali, sato wa kuchemshwa kwa nyanya na ndimu, na soda moja kwa watoto wawili. Dada alishika chupa kwa kidole kuonyesha mahali pa kuishia, akanywa, akanipa. Kila mwaka aliniachia zaidi ya nusu. Nilidhani hajui kupima.

Baada ya kula, bibi alishika mwiko. Aliuliza swali, kisha akagonga kifuniko mara tatu, taratibu. Ilikuwa lazima uchague moja kati ya mawili. Kusema vyote sawa ilikuwa marufuku, na jibu likishatoka halirudishwi. Ukishindwa kujibu kabla ya pigo la tatu, unasugua sufuria la wali lenye ukoko, na swali linahamia kwa aliyekaa kushoto kwako. Kushoto kwa dada nilikaa mimi.

Jirani yetu, mvuvi aliyehamia kutoka Mara, aliwahi kuulizwa kama angeoa kiboko anayejua kupika au mwanamke asiyejua kuchemsha hata maji.

"Kiboko, mama! Mashua ikipinduka ananirudisha nyumbani."

Mkewe akamrushia mfupa wa samaki. "Basi uhamie kwake leo hii."

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka minane, dada kumi na miwili. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Misungwi. Siku ya kuamkia Krismasi walizungumza na bibi jikoni kwa sauti ya chini. Mimi sikufuatilia. Siku iliyofuata, juu ya jiwe, bibi alimgeukia dada.

"Haya, mjukuu wangu. Uende ukaishi kwenye nyumba yenye umeme, na kitanda chako mwenyewe, lakini chumbani ulale na beberu? Au ubaki hapa gizani na huyu mdogo wako anayekoroma?"

Pigo la kwanza. Watu walishaanza kucheka. Pigo la pili. Dada alinitazama, kisha akamtazama shangazi, ambaye alikuwa ameinamia sahani yake. Bibi alikawia kuushusha mwiko mara ya tatu. Hakuwahi kumkawilia mtu yeyote kabla ya hapo.

"Beberu," dada akasema. "Beberu hakoromi. Na akinichosha, Pasaka namla."

Jiwe zima lilivuma kwa vicheko. Jirani alijipiga mapaja. Bibi aliweka mwiko chini, akasema amechoka, na mchezo ukaishia hapo.

Januari shangazi alirudi kumchukua dada. Sikumuaga. Nilijifanya napindua michembe. Alisimama ukingoni mwa jiwe, sanduku la bati kichwani, akasema, "Haya, mkoromaji, baki salama." Sikugeuka. Alikuwa amechagua mbuzi mbele ya watu, na jibu halirudishwi.

Utaniambia mtoto husahau. Mimi ni mtu wa utaratibu, na hata kinyongo changu nilikitunza kwa utaratibu. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, kitabu baada ya kitabu, na hujivunia kwamba sikubali jambo kabla ya kulipima. Hili sikulipima. Tulikutana kwenye harusi na misiba, tukasalimiana vizuri. Kila mara alisema, "Njoo basi upaone kwangu." Kila mara nikasema nitakuja. Siku niliyoingia kwake kwa mara ya kwanza, jeneza lake lilikuwa sebuleni.

Binti wa dada alipoona sicheki, alikuja kukaa karibu nami.

"Mjomba, samahani. Tumekukera?"

"Hapana. Aliwafundisha na lile la beberu?"

"Lile hakutaka tulicheze." Aliugeuzageuza mwiko mkononi. "Alisema ndilo swali pekee alilolijibu uongo. Shangazi yenu alitaka mtoto mmoja wa kumsaidia kazi, na bibi yenu alishindwa kusema aende nani. Mama aliwasikia jikoni. Alituambia, 'Ningenyamaza, swali lingehamia kwa mdogo wangu, na yule kwa kupenda taa angesema umeme. Alikuwa hajui hata kufua kaptura yake.'"

Nilitafuta swali ambalo ningeweza kuvumilia jibu lake.

"Na umeme aliukuta?"

"Ulikuwepo, sebuleni. Yeye alilala stoo." Akatabasamu kidogo. "Alisema mwaka wa kwanza usingizi ulimkataa kabisa, Mjomba. Kulikuwa kimya mno."

Bibi hayupo tena. Lile jiwe walilipasua kwa moto na nyundo, likauzwa kokoto, na mahali pake pana ukuta wa mtu nisiyemfahamu. Wote waliocheka siku ile wamekufa au wametawanyika, na hakuna aliyebaki anayejua nilikaa upande gani wa dada yangu.

Jioni ile niliinuka, nikachukua sufuria la wali la msibani, nikalisugua ukoko mpaka likang'aa. Binti alitaka kuninyang'anya.

"Mjomba, acha, hiyo si kazi yako."

"Ni yangu," nikamwambia. "Nimechelewa kujibu."

Kisha nikaenda stendi. Kutoka Misungwi hadi kwangu Buhongwa hata saa nzima haifiki. Nauli, ile ambayo miaka yote hiyo sikuitoa, ilikuwa shilingi elfu mbili.