Sura ya Annastella Ndani ya Beseni

Kwa miaka thelathini na moja Onesphory alisafisha picha za mifupa ya watu katika hospitali moja huko Muleba. Mikono iliyovunjika, mbavu za walioanguka na pikipiki, vyote alivitoa gizani chini ya balbu nyekundu. Mashine za kompyuta zilipofika, chumba chake kikawa stoo ya magodoro. Akastaafu, akarudi nyumbani Nyanga kuhudumia migomba na kahawa.

Mkewe, Annastella, akaona mzee hatulii. Kila mara ananusa vidole.

“Unatafuta nini humo, Baba Datius?”

“Dawa ya picha,” alijibu kwa aibu. “Harufu yake imekwisha.”

Siku moja hospitali ikataka kutupa boksi la filamu za eksirei zilizopitwa na muda. Akaliomba, akaja nalo kwenye basi amelipakata. Kisha akashuka Bukoba mjini kwa Lukmani, mpiga picha ambaye siku hizi huchapa tu picha za kwenye simu. Lukmani akamtolea kamera ya mbao ya marehemu baba yake, karatasi na paketi za dawa ya unga.

“Chukua, mzee wangu. Nikivigusa hapa wananicheka.”

Onesphory akahamisha magunia ya kahawa, stoo ikawa chumba cha giza. Akamkalisha mkewe kwenye kigoda uani.

“Usitikisike mpaka nifike kumi.”

Alipofika sita, Annastella akafukuza kuku.

Filamu ikatoka nyeusi tii.

“Ni yule kuku?”

“Hapana. Stoo inavuja mwanga.”

Annastella akajifungia humo peke yake, akatafuta matundu moja moja na kuyaziba kwa matope. Akatoka na udongo mpaka kwenye kilemba. “Haya, rudia.”

Safari hii alitulia mpaka kumi. Filamu ilipokauka akaishika juani, akashtuka. “Mbona meno yangu meusi?”

“Kwenye filamu kila kitu huwa kinyume. Subiri karatasi.”

Wakaingia pamoja. Onesphory akaweka karatasi chini ya filamu, akaimulika kidogo, akaitumbukiza kwenye beseni la dawa. Zikatokea nyusi kwanza, halafu macho, halafu Annastella mzima. Akamshika mumewe mkono.

“Waitu! Umetazama mifupa ya Muleba nzima, leo ndiyo unaniona mimi?”

“Nilikuwa nakuona.”

“Haya, nimesikia,” alisema, lakini mkono hakuuachia.

Sasa Jumamosi majirani huja na nguo zao za kanisani, wengine kutoka Buhembe. Onesphory hupiga, Annastella hutikisa beseni. Juzi alimkalisha mumewe kwenye kigoda, akapiga mwenyewe. Picha imekata kichwa juu kidogo ya nyusi. Onesphory ameitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, na mgeni akicheka, yeye humwonyesha jinsi kola ilivyotoka safi.